Hii Nimekufichia Wewe Peke Yako

Ninyi mnaouza nguo za wasichana siku hizi kwa kupiga picha na kuzituma kwenye simu, kaeni hapa kidogo. Sikuja kuwafundisha. Mtu aliyestaafu hafundishi. Anasimulia tu, halafu anaangalia nani anajifanya hasikii. Mimi nimefanya kazi Mwali Mode tangu ilipokuwa meza moja na mwavuli mpaka ikawa maduka manne: moja mjini, moja kwetu Buyenzi, moja Gasenyi, na moja Mutakura, ambalo niliongoza mwenyewe kwa mkono wa chuma na kiti cha plastiki. Nimevalisha nusu ya Bujumbura. Nusu nyingine ni wanaume, na hao sikuwa na kazi nao.

Kiti cha plastiki si mzaha. Msichana wa miaka kumi na tano hanunui nguo, anachagua. Anayenunua ni mama yake, na mama huyo amesimama mlangoni, mkononi ana mfuko wa mboga za lengalenga na miguu inamuuma. Mama akisimama ataona kila kitu: uzi umetoka, zipu inakwama, mgongo uko wazi kama uwanja wa mpira. Mama akikaa, akapewa maji, ataanza kukueleza habari za wifi yake, na gauni litapita. Niliposoma biashara shule ya jioni, nikiwa tayari nina wajukuu, mwalimu alitumia wiki nzima kueleza jambo hili, akaliita mapokezi. Nilipata alama ambazo nadhani hazijapatikana tena katika Afrika ya Kati.

Kioo nacho kina adabu yake. Usikisimamishe wima kama askari. Kiegemeze ukutani, miguu yake itoke mbele kidogo, na msichana mfupi atajiona twiga. Na asije mtu akawadanganya kwamba mteja anaambiwa ukweli. Gauni likimbana msichana, usiseme kamwe, "Hii ndogo kwako." Sema, "Wachina hawa wameshona vibaya." China iko mbali, haitasikia. Nimewasingizia Wachina miaka mingi, na kila mwaka wameendelea kutuletea mzigo bila kinyongo.

Haya yote alinifunza Patroni. Jina lake Consolate, lakini sisi wafanyakazi tulimwita Patroni, na hata mumewe, nadhani, siku za Ijumaa. Wakati nakutana naye alikuwa anauza mitumba kwenye meza, mimi nikiwa binti wa Buyenzi nisiyejua tofauti ya shingo ya V na shingo ya kuku. Siku ya kwanza nilitandaza magauni yote mezani, manne ya maua mekundu yakifanana kama mayai. Nilijiona fundi. Patroni akaja, akayakusanya matatu, akayasukuma chini ya meza kwa mguu.

"Adija," akasema, "we unauza nguo ao unauza vitunguu?"

"Nguo, Patroni."

"Basi angalia."

Akaja msichana mmoja na shangazi yake. Akalishika lile gauni moja, akalizungusha, akasema atarudi. Shangazi mtu tayari amegeuka. Patroni akainama, akatazama kushoto, akatazama kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, akachomoa lingine chini ya meza na kumnong'oneza: "Hii nimekufichia wewe peke yako. Ile ya juu ni ya kuonyesha. Usiambie mutu."

Wanangu, msichana yule aliondoka na gauni amelikumbatia kama mtoto mchanga. Patroni akainama tena, akalivuta la tatu karibu na mguu wake, limngoje msichana mwingine. Duniani kuna nguo mbili tu, alinieleza: iliyotundikwa na iliyofichwa. Iliyotundikwa ni kitambaa. Iliyofichwa ni bahati.

Juu ya neno hilo ndipo maduka manne yalijengwa. Tulinunua magauni kwa katoni, yamefanana mpaka kwenye makosa, na tulimuuzia kila msichana la kwake peke yake.

Lakini uchawi wowote una mwiko. Mwiko wetu tuliupata siku ya Idi moja, Buyenzi, pale wasichana wawili wa avenyu moja walipotoka nyumbani kwao saa ileile wakiwa na gauni lilelile la samawati, kila mmoja akiwa ameshawaambia wenzake kwamba hakuna lingine mjini. Mama zao walifika dukani kabla ya pilau kuiva. Sitaeleza yaliyosemwa, nilikuwa nimetoka kwenye mfungo na sikutaka kurudi nyuma kiroho. Tangu siku hiyo Patroni aliweka sheria: kabla hujaficha, uliza anaishi wapi. Avenyu moja, gauni moja. Gauni la Gasenyi lisijuane na la Gasenyi. Ukiuza hivyo, mji ni mkubwa, watatawanyika, na kila mmoja atakufa akiamini.

Na tulikuwa na huduma nyingine ya bure: mkasi. Ulifungwa kwa kamba pale kaunta. Msichana akishalipa, akitaka, tulimkatia ile lebo ya nyuma ya shingo iliyoandikwa Mwali Mode. Hakuna aliyeona aibu kuvaa nguo zetu. Aibu ilikuwa kujulikana. Bila lebo, gauni lilikuwa huru kutoka Dubai, Kampala, Bruxelles, popote mwenyewe alipokuwa na ndugu. Sijawahi kuona mkasi uliosafirisha watu wengi kama ule.

Sasa nifike kwa Furaha, maana bila yeye haya yote ni habari za mikasi.

Furaha alitoka upande wa Uvira, kule Kongo, amevuka mpaka na mdogo wake, Neema, na walikuwa wamepanga chumba Mutakura, nyuma ya mashine ya kusaga. Alisuka nywele, aliuza samaki wadogo wa ndagala, alifua, na jioni alimsimamia Neema na masomo. Alikuja dukani kwangu kuomba kazi akiwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe kwa pazia, na lilimkaa vizuri kiasi kwamba niliangalia pazia la chumba chetu cha kujaribia kwa masikitiko. Nikamwombea kwa Patroni. Patroni akamkubali kwa majaribio, bila karatasi ya mkataba.

"Nikipata contrat, tantine," aliniambia, maana kwake nilikuwa shangazi tayari, "Neema atamaliza mwaka wa shule hapa. Nikikosa, tunarudi kambi ya wakimbizi. Mwenye nyumba amesema mutu bila kazi ya kujulikana hamtaki tena."

Alisema hivyo akikunja suruali. Hakulia, hakuinua macho. Mimi ndiye niliyekwenda nyuma kupanga viatu visivyohitaji kupangwa.

Wakati huohuo Patroni alikuwa na balaa lake. Alikuwa ameagiza magauni kwa simu. Kwenye picha yalikuwa ya dhahabu, yana marinda begani, msichana mmoja wa kizungu ameyavaa anacheka peke yake. Katoni ilipofunguliwa, dhahabu ilikuwa imebaki kwenye simu. Ndani ya duka, chini ya taa, ungeweza kusamehe. Mlangoni, juani, yalikuwa na rangi ya ndizi iliyoanza kulalamika. Duka la mjini likayakataa kwa heshima. Buyenzi wakayakataa bila heshima. Gasenyi wakasema hawana msumari wa kuyatundikia. Katoni ikaja Mutakura, ambako vitu vya aibu vya kampuni huja kustaafu.

Patroni akaja nayo mwenyewe, akaiweka mbele ya Furaha.

"We mutoto, wiki ijayo Jumamosi ni mahari ya Divine, mutoto ya dada yangu. Niko na kazi mingi. Nikimaliza hiyo sherehe nitaangalia hii katoni. Ikifika nusu, tutaongea contrat. Ikiwa vile iko, tusipotezeane muda."

"Ndiyo, Patroni."

"Na usinitajie hiyo rangi."

Bahati mbaya, wiki hiyohiyo muuzaji wetu wa Buyenzi alijifungua, nikatumwa kushika nafasi yake. Nikamwacha Furaha peke yake na katoni. Kabla sijaondoka nilimpa urithi wangu wote: kiti, kioo, Wachina, kuficha, na ile sheria.

"Unauliza nini kwanza?"

"Unaishi wapi."

"Ju ya nini?"

"Ili gauni zisijuane."

Nilimkumbatia kama mwanafunzi wangu aliyefuzu.

Nilikuwa nampigia simu kila jioni. Siku ya kwanza: moja limekwenda Gasenyi. Siku ya pili: moja Mutanga Nord, moja hapohapo Mutakura, lakini upande wa juu. Alinipangia mitaa kama jemadari anayepanga vikosi. Alikuwa na mbinu zake pia. Hakuwatoa wasichana mlangoni kuangalia rangi. Aliwaambia rangi hii hailijui jua, inaijua sherehe. Mimi, miaka yangu yote, sikuwahi kufikiria kulaumu jua. Alhamisi aliniambia katoni imefika nusu, na hakuna mtaa uliopata mawili.

"Na wote walitaka nikate étiquette, tantine. Bote! Mumoja alisimama karibu yangu mpaka nikamaliza, tena akaniomba hata hicho kipande akitupe yeye mwenyewe."

Tukacheka. Nilisema wasichana wa siku hizi wana haya. Mngekuwa mimi, nanyi mngecheka.

Jumamosi tukaenda Mutanga Nord, nyumbani kwa Patroni, kwenye mahari ya Divine. Kwetu mfanyakazi akiitwa kwenye sherehe ya bosi wake haendi kama mgeni, wala kama mtumishi. Anaenda kama mtu wa nyumba asiye na kiti. Tulipewa jiko la nyuma, glasi, na masanduku ya Fanta. Uani hema lilikuwa limewekwa, viti vya upande wa bwana harusi vikitazamana na vya upande wetu, wazee wawili wasemaji wakiwa tayari na koo zao zilizolainishwa. Mama na mashangazi walivaa imvutano, yale mavazi yetu ya kufungwa begani. Wasichana wa ukoo, ambao kazi yao ni kutoka kwa mstari na kuwapa wageni vinywaji, waliruhusiwa kuvaa wanachotaka. Hilo ndilo kosa la kwanza la siku ile, na halikuwa letu.

Nilikuwa nafuta glasi nilipoona gauni la kwanza likiingia getini. Chanella, mpwa wa Patroni, mrefu, kidevu juu, bega limejaa marinda. Juani. Ile ndizi ilikuwa inalalamika mpaka barabarani.

"Furaha," nikasema, "lile alilovaa yule si gauni letu?"

Furaha akachungulia. "Ni wa Gasenyi, tantine."

"Ni mpwa wa Patroni!"

"Mi niliuliza anaishi wapi. Sikuuliza ni mutoto ya nani."

Kabla sijajibu, geti likafunguka tena. Binamu yake wa Mutanga Nord. Ndizi. Wakasimama wakatazamana kama mtu aliyekutana na kivuli chake kinatoka sokoni.

"We, hiyo robe umetoa wapi?" akauliza Chanella.

"Dubai. Yako?"

"Bruxelles. Senge wangu, dada ya baba, alinitumia."

"Senge yupi? Senge wako ni mama yangu, na mama yangu yuko pale anachambua mchele!"

Akaingia wa tatu, anapepea mkono, anasema kabla hajaulizwa kwamba lake limetoka Nairobi kwa ndege. Wa nne alifika getini, akaona, akageuka kurudi nyumbani. Mama yake akamshika mkono akamvuta ndani. Kufikia wakati wazee wanakohoa kuanza, walikuwa saba, wamejibanza nyuma ya jiko letu, na kila mmoja ameshika shingo ya mwenzake kwa nyuma akitafuta lebo. Lebo hazikuwepo. Zilikuwepo nyuzi mbili fupi mahali palepale kwa wote saba, kama alama ya chanjo.

Mnaona jambo lenyewe? Wapwa wa mwenye Mwali Mode waliona haya kununua kwa shangazi yao. Mjini wangeonekana. Buyenzi wangenikuta mimi. Basi kila mmoja, kwa siri yake, bila kumwambia mwenzake, alipanda kwenda Mutakura, duka ambalo Patroni halitembelei kwa sababu ya vumbi, ambako kulikuwa na msichana mgeni asiyemjua mtu. Na msichana huyo alifuata sheria vizuri kuliko sisi tulioitunga. Mitaa saba, magauni saba. Ila sheria ya Patroni ilihesabu mitaa, na ukoo haukai mtaa mmoja. Ukoo hukusanyika siku ya mahari.

"Ni huyu!" Chanella akamwona Furaha na sinia. "Ni huyu aliniambia amenifichia mi peke yangu!"

"Na mimi!"

"Mimi aliapa!"

"Sikuapa," Furaha akasema polepole. "Nilisema tu."

Hapo ndipo Patroni alipotokea mlangoni, amejipamba, shanga shingoni, akija kuuliza mbona vinywaji havitoki. Akawaona. Macho yake yakatembea kutoka bega la kwanza hadi la saba, akaijua katoni yake kama mama anavyojua mtoto mtundu. Kisha akatuona sisi.

"Adija. Hii ni nini?"

"Ni nusu ya katoni, Patroni," nikasema, maana ulimi wangu una kazi yake na mimi nina yangu.

Hakucheka. Alikuwa amekasirika kweli, na nadhani kilichomchoma si rangi. Ni kwamba wapwa zake walimficha. Lakini hasira hutafuta mlango ulio karibu. Akamgeukia Furaha.

"We mutoto. Umevalisha familia yangu carton. Mbele ya wakwe! Maliza kuosha vyombo, na Jumatatu usirudi Mutakura."

"Patroni," nikaanza, "sheria alifuata..."

"Adija, nyamaza."

Furaha aliweka sinia chini, taratibu, glasi zisigongane. Akaanza kuosha sahani. Nilimwona anaosha sahani moja, anaifuta, anairudisha majini na kuiosha tena. Nilijua anaona kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na daftari za Neema.

Nje, mzee wa upande wetu akapaza sauti kuomba wasichana watoe vinywaji, wageni wana kiu. Hakukuwa na muda wa kubadilisha chochote. Patroni akafumba macho.

"Tokeni," akawaambia. "Tokeni hivyohivyo. Na mutabasamu, hata kama ni kwa uchungu."

Wakatoka. Saba, kwa mstari, sinia mikononi, marinda begani, kila mmoja akijitahidi asimtazame wa mbele yake. Jua lilikuwa limeteremka upande wa ziwa na lilipita chini ya hema. Sijui kama ni jua au ni Mungu mwenyewe, lakini rangi ile niliyoitukana wiki nzima ikageuka dhahabu. Nilishika kitambaa cha glasi kwa meno.

Msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee mwembamba mwenye fimbo, alisimama. Mnajua wazee hawa hawasemi kitu kwa jina lake. Tangu aanze kusema alikuwa anadai kwamba wamekuja kuomba mbegu ya boga tu, wanayo sehemu ndogo ya kuipanda. Akawatazama wasichana, mmoja mmoja, akapiga fimbo chini.

"Tulikuja kuomba mbegu moja ya boga," akasema. "Hamkutuambia kwamba shamba zima limechanua."

Hema likalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi, mama mkwe mtarajiwa akasimama akacheza kwa mikono akiwa palepale. Mzee akaendelea kwamba ukoo unaowavika mabinti wake vazi moja ni ukoo unaokula chungu kimoja, na kwamba sasa anaogopa kumchukua mmoja maana atalivunja shamba. Alikaa juu ya boga lile muda mrefu sana. Nasema hivi: harusi zote nilizoona baada ya hapo zilikuwa mabaki.

Na nani akasimama kujibu? Patroni. Uso ule uliokuwa umewaka jikoni, sasa ulikuwa laini kama ngozi iliyopakwa mafuta.

"Wageni wetu," akasema, "asante kuona. Mimi mwenyewe niliwachagulia."

Chanella, mwenye gauni la Bruxelles, alikuwa amesimama mita moja kutoka kwake na sinia ya Fanta. Angesema nini? Kwamba hapana, nilinunua kwa siri katika duka lako? Wote saba wakainamisha vichwa kwa heshima, na wageni wakasifu malezi.

Nilirudi jikoni kumsimulia Furaha. Alikuwa amesikia vigelegele lakini hakuwa ameacha sahani.

"Basi imeenda vizuri," akasema. "Imeenda vizuri kwao."

Na hapo tukasikia kilio. Si cha jikoni. Kilitoka ukumbini, kilio cha binti aliyezoea kusikilizwa. Ni Ornella, binti wa Patroni mwenyewe, wa kuzaa. Ornella alikuwa amevaa gauni lililotoka Bruxelles kweli, kwa ndege ya kweli, na shangazi wa kweli, rangi ya zambarau, lebo yake imeachwa makusudi ichungulie. Na wageni walikuwa wamemuuliza mara mbili kama yeye ni wa ukoo gani. Mpiga picha amewapanga wale saba pembeni ya Divine, na alipofika kwa Ornella akamwomba kwa adabu atoke kidogo kwenye picha.

"Mama, kila mutu iko nayo! Mi tu ndiyo sina!"

Patroni alirudi jikoni. Safari hii alitembea polepole. Akasimama mlangoni, akazungusha bangili zake, akaangalia ukuta, akaangalia masufuria, akaangalia kila kitu isipokuwa msichana aliyemfukuza.

"We," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ile robe. Ya kuvalisha Ornella. Hakuna hata moja imebaki?"

Wanangu, nusu ya katoni ilikuwa Mutakura. Nusu nzima, imekaa pale chini ya kaunta, inangoja jua lingine. Mimi nilijua, Patroni angeweza kuhesabu, hata glasi zile zilijua. Nilifungua mdomo kusema ziko tele.

Furaha aliifuta mikono yake kwenye aproni. Akatazama kushoto. Akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Akamsogelea Patroni mpaka karibu na sikio.

"Iko moja, Patroni," akanong'ona. "Niliifichia mutoto yako peke yake. Usiambie mutu."

Patroni alimtazama msichana yule, na nikaona meza ile ya zamani ikipita usoni mwake, na mwavuli, na gauni lile la maua mekundu. Ndipo kicheko kikaanza, chini tumboni, kikapanda mabegani, kikazitikisa shanga, na kilipofika mdomoni ilibidi ashike mlango. Machozi yakamharibia wanja wote wa siku ile.

"Adija!" akasema alipopata pumzi. "Chukua tuktuk, uende Mutakura uilete hiyo... hiyo moja."

"Ndiyo, Patroni."

"Na we mutoto." Alikuwa amegeuka kurudi kwa wageni, anajifuta macho kwa ncha ya imvutano. "Jumatatu uje kwangu na photo mbili za pasipoti. Za contrat. Na usivae pazia."

Furaha alirudi kwenye beseni. Alichukua ile sahani aliyoiosha mara mbili, akaiosha ya tatu, na safari hii aliivunja.

Sasa mimi niko nyumbani Buyenzi, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Waliponiuliza nataka zawadi gani ya kustaafu, nilikitaja hicho. Duka la Mutakura analiongoza Furaha. Neema alimaliza shule na sasa yeye ndiye anayeshika simu, anapiga picha za magauni na kuwatumia wasichana mmoja mmoja, na chini ya kila picha anaandika kwamba limebaki moja tu, amekufichia wewe. Sheria wameiongeza. Hawaulizi tena tu unaishi wapi. Wanauliza pia: unakwenda sherehe ya nani?

Nanyi mnaoanza, msiniulize kama ule ni uongo. Jana mjukuu wangu alinionyesha gauni alilonunua kwa simu huko Mutakura, akanieleza kwa kunong'ona kwamba hakuna lingine Bujumbura nzima. Nililigeuza shingo kwa nyuma. Nikaziona nyuzi mbili fupi.

Nikamwambia limempendeza kweli. Hata Wachina, nikasema, safari hii wameshona vizuri.